Kupiga na Kuacha

Binti wa jirani yetu alirudi mtaani kwetu Buyenzi akiwa na taya lililofungwa kwa waya. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, msichana mrefu mwenye maneno mengi, kicheko chake kilikuwa kikiruka ukuta na kutufikia sisi mezani. Sasa alikuwa akinywa uji kwa mrija, na akitaka kusema jambo aliliandika kwenye simu. Mwanafunzi mwenzake alimtaka, yeye akamkataa. Kijana yule alimvizia nyuma ya madarasa saa saba mchana, watu walipokwenda kula, akampiga kwa tofali.

Mama alikwenda kumpa pole. Aliporudi hakuingia ndani. Alikaa kwenye cherehani yake pale barazani, kati ya garaji mbili, lakini hakushona. Mafundi walikuwa wakigonga vyuma kulia na kushoto, kama kila siku. Mwaka ule nilikuwa nimefaulu mtihani wa taifa, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwetu kwenda chuo. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

"Chuo utaenda," mama aliniambia hatimaye. "Lakini utaenda ukijua kupiga mutu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mteja wake mmoja ndiye aliyemwambia habari za mwanamke aliyekuwa akifundisha wasichana kujikinga, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi ulioko nyuma ya kanisa kule Ngagara. Siku za kazi mwanamke huyo alikuwa akihudumia wagonjwa hospitalini, akiwageuza na kuwaosha. Zamani alikuwa akishindana judo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye miaka arobaini na kitu, na nusu ya sikio lake la kushoto haikuwapo. Tulimwita Mwalimu.

Siku ya kwanza tulikuwa wasichana kumi na mmoja, wote wa kuingia chuo mwaka ule. Watatu tulikuwa na hijabu. Katikati ya ukumbi alisimama mwanamume mmoja, amefungwa vipande vya godoro kifuani na kati ya mapaja, kofia ya pikipiki kichwani. Alikuwa mume wa Mwalimu, fundi wa magari, na kazi yake ilikuwa kutukamata na kupigwa.

Mama alipomwona alinishika mkono turudi nyumbani. "Apana. Mwanaume hatamugusa mutoto wangu."

Mwalimu hakubishana. Alimsogelea, akamwamkia kwa heshima, kisha akamuuliza, "Mama, yule mutu wa kumukamata, atakuja kwanza kuomba ruhusa kwako?"

Mama alivuta benchi mpaka ukutani, akakaa, akatoa kitambaa na sindano. "Basi mi nitakuwa hapa," alisema. Na alikuwa pale Jumamosi zote, akipinda nguo za watu huku akitutazama.

Zamu yangu ilipofika, mume wa Mwalimu alinikaba kutoka nyuma. Mkono wake ulikuwa mzito, unanuka oili. Nilijua ni mchezo. Nilijua mama yuko hatua sita kutoka nilipo. Hata hivyo niliganda. Mikono yangu ilining'inia tu, na nilichowaza ni kwamba hijabu yangu inateleza.

Mwalimu alimwambia mumewe aniachie. Alikuja mbele yangu, akanizaba kofi. Ukumbi wote ulisikia. Mama alinyanyuka nusu.

"Umekufa," Mwalimu aliniambia. "Umekufa ukiwa umesimama. Tena."

Nilikufa mara nne asubuhi ile. Mara ya tano nilirusha kiwiko, kikagonga kofia ya pikipiki, nikarusha kichwa nyuma bila kufikiri, nikajing'ata na mdomo wangu ukapasuka. Damu ilinichuruzika kidevuni ikaingia kwenye hijabu. Nilitegemea kuonewa huruma. Mwalimu alinipa kitambaa, akasema, "Sasa umeamuka."

Alikuwa akifundisha kwa maneno machache. Mtu akikukaba koo, mikono yake yote miwili ina kazi, yako haina. Tafuta kidole chake kidogo, kivunje kama unavyovunja muhogo mkavu. Macho, koo, goti. Kisha kimbia. Hili la mwisho alilirudia mpaka likatuchosha: "Piga, kimbia. Usibaki kuangalia kazi yako."

Kulikuwa na msichana mmoja mkimya sana, ambaye hakuwahi kutueleza anatoka wapi. Jumamosi ya tano alipokamatwa, alimng'ata mume wa Mwalimu mkononi na hakuachia. Yule bwana alipiga kelele, akasema basi, basi, lakini msichana alikuwa amefumba macho na meno yalizidi kuzama. Mwalimu alilazimika kumbana pua mpaka akafungua mdomo kutafuta hewa. Nyama ilikuwa imeachana. Hakuna aliyemuuliza msichana kitu. Mwalimu alimfunga mumewe bendeji kwa mikono ya kikazi, haraka, na yule bwana akarudi katikati ya ukumbi akiwa na machozi machoni. "Nani anafuata?" aliuliza.

Siku hiyohiyo mmoja wetu, binti wa mtumishi wa serikali, alimuuliza Mwalimu kama sikio alilipoteza kwenye mashindano.

"Apana," alisema. "Ni mume wangu wa kwanza. Alining'ata nikiwa namupakulia chakula." Alitutazama mmoja mmoja. "Ninyi munawaza mutu atatoka kwenye giza, mutu hamumujui. Wengine wanatoka kwenye chumba cha pili."

Sidhani kama nilimwelewa. Nilikuwa na miaka ishirini, na kichwani mwangu mtu mbaya alikuwa na tofali mkononi.

Masomo yalipoanza nilipanga chumba Mutakura pamoja na msichana mwingine wa chuo, kwa sababu nyumbani tulikuwa wengi na hapakuwa na pa kusomea. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mtu wa kanisa. Mdogo wake wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliishi nyumba ya nyuma na mke na mtoto. Ndiye aliyetubebea godoro siku tuliyohamia. Kitasa kilipoharibika ndiye aliyekibadilisha. Tulimwita kaka. Alikuwa akitusalimia kila asubuhi kwa heshima, akiuliza masomo yanaendaje.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa mchana. Mwenzangu alikuwa darasani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo nilikuwa nikinyoosha sketi kwa pasi ya makaa, maana kesho yake nilikuwa na mtihani wa mdomo mbele ya walimu watatu. Mvua ilianza ghafla. Ilipiga bati kwa nguvu hata sikusikia ufunguo ukizunguka. Niliona tu mlango unafunguka, naye ameingia, mabega yamelowa.

"Nimekuja kuangalia kama paa linavuja," alisema.

"Halivuji, kaka."

Aliangalia juu, akaangalia kitanda, kisha akaufunga mlango kwa mgongo wake.

Nilimwambia atoke. Alisema nisiwe mtoto. Nilipofungua mdomo kupiga kelele alinifikia kwa hatua mbili, akanikaba koo kwa mikono yote miwili na kunibandika ukutani. Kichwa changu kiligonga saruji. Na niliganda. Baada ya Jumamosi zote zile, niliganda vilevile kama siku ya kwanza. Nilikuwa naona vizuri kabisa: tone la mvua kwenye nyusi zake, jino lake lililooza. Alitoa mkono mmoja kooni akaupeleka kwenye nguo yangu, nikasikia mshono wa ubavuni ukichanika, mshono wa mama.

Sijui kama ni sauti ile iliyoniamsha. Mkono wangu ulipanda wenyewe, ukatafuta kidole chake kidogo, ukakivuta nyuma. Kilivunjika. Alipiga ukelele, akanipiga ngumi ya mdomo. Nilianguka kando ya meza na jino likawa juu ya ulimi wangu. Alinishika mguu kunivuta. Mkono wangu ukagusa mpini wa pasi.

Nilimpiga nayo usoni.

Kifuniko kilifunguka na makaa yakamwagika, juu ya shingo yake, juu ya mkono wangu, juu ya shuka. Aliachia mguu. Alijikunja sakafuni akijipangusa makaa. Mlango ulikuwa nyuma yangu, haukufungwa kwa ufunguo. Ningeweza kutoka. Nilikuwa na nafasi ya kutoka, nimeipima mara nyingi tangu siku ile, na ilikuwa kubwa. Sikutoka. Nilimpiga tena, kichwani. Alianza kutambaa kuelekea kitandani, ananiita dada, dada, nami nikamfuata na kumpiga mara ya tatu, begani, mfupa ukatoa sauti. Nilikuwa nimeinua pasi kwa mara ya nne wakati jirani wa mlango wa pili, mama muuza mkaa, aliponikumbatia kwa nyuma. Aliingia kwa sababu ya moshi, godoro lilikuwa limeshaanza kuungua. Nilimpiga yeye pia, kwa kiwiko, kabla sijatambua ni nani. Hakuniachia.

"Basi, mwanangu," alikuwa akisema sikioni mwangu. "Basi. Amelala. Basi."

Watu walijaa uani, mvua ikiwanyeshea. Mama mwenye nyumba alijitupa juu ya mdogo wake akilia kwamba nimemuua. Mke wake alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakulia, alinitazama mkono. Ngozi ya kiganja changu ilikuwa imebaki kwenye mpini. Nilisikia mmoja akiuliza kwa nini msichana alikuwa peke yake chumbani na mwanamume. Mwingine akajibu kwamba wasichana wa chuo wanajulikana.

Hakufa. Alilazwa wiki mbili, fuvu lilipata ufa, bega lilivunjika, na upande mmoja wa uso uliungua kutoka sikio hadi kona ya mdomo.

Polisi aliyeandika maelezo yangu hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akamruhusu mama akae karibu yangu. Lakini alipofika kwenye mapigo aliweka kalamu chini.

"Mara ya kwanza naelewa," alisema. "Ya pili pia, tuseme. Ile ya tatu ilikuwa ya nini?"

Nilifungua mdomo uliovimba. "Sijui, afande."

"Andika hivyo," mama alimwambia. "Andika kwamba hajui. Na wewe umuulize yule, ufunguo aliupata wapi?"

Swali hilo mama alilirudia kila mahali. Baada ya siku kumi familia ile ilituita kwao tuzungumze kama wazazi, mbele ya mkuu wa mtaa. Sebule ilikuwa imejaa watu wazima. Walituletea soda. Mzee mmoja upande wao alisema kijana amekosea, shetani alimpitia, lakini ameshaadhibiwa kupita kiasi, na ana mtoto mdogo. Walikuwa tayari kuomba msamaha mbele ya wote. Na msichana naye akubali kwamba alizidisha. Yaishe nyumbani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakugusa soda.

"Nimesikia yote," alisema. "Sijasikia ufunguo. Alibadilisha kitasa, akawapa wasichana funguo mbili, akabaki na ya tatu. Tangu mwezi wa kwanza. Kila siku anawaamkia, ufunguo uko mufukoni. Huyo shetani alimupitia miezi mingapi?"

Mke wa yule mwanamume, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, alifunika uso kwa kitenge. Mama alisimama, nami nikasimama.

Kesi ilichukua karibu mwaka. Mimi nami niliogopa kushtakiwa, na wakili wao alijaribu, alihesabu mapigo mbele ya hakimu kwa vidole. Ufunguo, uliopatikana kwenye suruali yake hospitalini, ndio uliomaliza mabishano. Alifungwa. Haikuwa miaka mingi.

Mimi nilikuwa nimesharudi Buyenzi tangu wiki ile ya kwanza. Watu walinisifu. Mafundi wa garaji waliniita kamanda, wakapisha njia nikipita. Binti wa jirani, waya zimeshatolewa, alikuja kunishika mkono uliofungwa bendeji na kukaa kimya kando yangu saa nzima. Mimi sikujisikia kamanda. Nilikuwa nikisikia lile neno, dada, na ile sauti ya mfupa. Mbaya zaidi ni kwamba nilipoikumbuka mara ya tatu, sikujuta. Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo lililonitisha, na sikumwambia mtu.

Alfajiri moja mama alikuja kuniamsha kuswali, akaniwekea mkono begani kama alivyofanya maisha yangu yote. Nilimpiga ngumi ya uso kabla sijafumbua macho. Nilimsikia akianguka kwenye ndoo. Nilipowasha taa ya simu alikuwa amekaa sakafuni, damu ikimtoka puani, mtandio umemwangukia mabegani. Mama yangu, mwenye miaka hamsini na sita. Nilianza kulia kwa sauti ambayo sikuitambua.

Alijifuta damu kwa upindo wa kanga. "Nyamaza. Kosa ni langu," alisema. "Kesho nitakuamusha kwa sauti, nikiwa mlangoni."

Jumamosi hiyo alinipeleka Ngagara yeye mwenyewe, pua imevimba. Mwalimu alimtazama mama, akanitazama mimi, akaelewa. Alinipeleka pembeni, akashika kiganja changu, akakigeuza kuangalia kovu.

"Siku ile, mulango ulikuwa wazi?" aliuliza.

"Njo, Mwalimu, ulikuwa wazi."

"Na ukabaki."

"Nilibaki. Ningemuua. Nilitaka." Nilikuwa sijawahi kulitamka.

Hakunisifu, hakunilaumu. Alivuta lile sikio lake la nusu kama alivyozoea akiwaza. "Mi niliwafundisha kupiga," alisema. "Nilisema kimbia, lakini kwa mudomo tu. Mwili haujifunzi kwa mudomo. Hilo ni kosa langu."

Alimwita mumewe, akamfunga magodoro. Wasichana wapya walikaa ukutani. Kanuni ilikuwa moja: nimpige kwa nguvu zangu zote, na akisema "basi," niache hapohapo, hata kama ngumi iko hewani, nirudi nyuma hatua tatu, niseme jina la kitu ninachokiona.

Mara ya kwanza alisema basi na mimi nilimpiga mara sita zaidi. Mara ya pili nne. Nilikuwa nampiga nikilia, kovu la kiganja likapasuka, magodoro yakapata madoa. Yule bwana alisimama tu, anapokea, anasema basi kwa sauti ya upole, kama mtu anayetuliza ng'ombe. Sijui ilikuwa mara ya ngapi ambapo mkono ulisimama. Ulisimama hewani. Nilirudi nyuma. Moja, mbili, tatu.

"Unaona nini?" Mwalimu aliuliza.

"Dirisha."

"Tena."

"Benchi. Mama."

Tulifanya hivyo miezi minne. Tangu hapo kila msichana anayekuja anafundishwa yote mawili, na nusu ya Jumamosi zile siku hizi ninazifundisha mimi. Baadhi ya wazazi hulalamika kwamba tunawapotezea wasichana muda kwa kuwafundisha kuacha. Ninawasikiliza, kisha tunaendelea.

Yule tuliyemwita kaka nilimwona tena mwaka wa mwisho wa masomo yangu. Nilikuwa natoka Ngagara, kwa Mwalimu, kwa miguu kuelekea chuo, saa mbili asubuhi, barabara imejaa wanafunzi. Alikuwa anakuja upande wangu akimwongoza binti yake, mwenye sare ya chekechea na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unang'aa na kuvutika, na bega moja lilikuwa limeshuka. Alinitambua nilipobakiza hatua kumi. Alisimama. Mikono yangu ilikunja ngumi yenyewe, na nikaanza kuhesabu vitu kimoyomoyo: mti, baiskeli, mkoba.

Mtoto alitutazama kwa zamu. "Papa, unamujua?"

"Apana," alisema, akiangalia chini.

Nilimwangalia yule mtoto. Alikuwa na macho ya mama yake.

"Ananijua," nilisema, nikapita.

Nilitembea bila kugeuka mpaka kwenye lango la chuo. Nilikaa juu ya ukuta mfupi nje ya ukumbi, nikasubiri ngumi zifunguke. Nilipoingia darasani profesa alikuwa ameshajaza nusu ya ubao, akaniuliza kwa Kifaransa kama kwetu hakuna saa. Nilimwomba radhi, nikatafuta nafasi, nikaanza kunakili.